Kiko Kwenye Unga

Novemba 8

Kama si mimi, nusu ya mkoa huu wa Saskatchewan isingeamka kuanzia Novemba hadi Machi. Nasema wazi, na ninaandika ili watakaokuja baadaye wasije wakadanganywa. Injini ya dizeli ikishalala kwenye baridi yetu, mafuta huganda kama jeli, betri hulia kama mbuzi mgonjwa, na hapo ndipo watu husema, mwiteni Tymko. Kuna trekta moja upande wa Verenka niliyoiwasha kwa kuikemea tu. Mwenyewe yuko hai, aulizwe.

Leo hita ya pikapu ya shemeji yangu Prokip imekufa. Ni kile kidude kilichofungwa ubavuni mwa injini, waya wake unaning'inia mbele. Jioni unauchomeka kwenye umeme, asubuhi injini inaamka na joto kama mkate. Darcia, mpwa wangu, aliuchomeka jana kama kawaida na asubuhi injini ilikuwa ya baridi kama mlango wa kaburi. Imewaka kwa shida, na hii bado ni baridi ya kitoto.

Pikapu hii ndiyo miguu ya nyumba yetu. Yangu ilivunjika giaboksi wakati wa mavuno, nami nikahamia hapa kwa dada yangu Nastia, chumba cha nyuma, ili niwatunze. Prokip, mume wake, yuko kwenye nyumba ya wazee mjini tangu theluji ya mwaka jana iyeyuke. Akili imemtoka. Siku nyingi hajui yuko wapi. Lakini zipo siku anarudi, ghafla tu, mzima kabisa, anamjua kila mtu kwa jina na kila ng'ombe aliyewahi kumfuga. Wauguzi hupiga simu, dada huvaa koti juu ya aproni, Darcia hushika usukani na wanakimbia. Haifiki usiku, keshaondoka tena. Dada anaziita siku za dirisha.

Kwa hiyo pikapu lazima iwake saa yoyote itakayotakiwa. Nimewaambia walale, nitafunga hita mpya mwenyewe.

Novemba 9

Darcia alikuwa ameshaweka miadi na gereji ya mjini bila kuniuliza. Nimepiga simu nikaifuta. Fundi mwenyewe kijana, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, maana akinifuta hapati nafasi nyingine kabla ya Machi. Nikamwambia mwanangu, nilikuwa nikifunga hita kabla baba yako hajaota ndevu.

Novemba 10

Theluji. Nimekula pirohi, zile sambusa zetu za kuchemsha zenye viazi ndani, hadi mkanda ukalalamika. Pirohi za dada zina alama ndogo ukingoni, kama zimeumwa na panya mwenye meno manne. Nikamwambia. Akasema nikitaka zisizo na alama nikazipike mwenyewe.

Novemba 14

Nimelala chini ya pikapu asubuhi nzima. Hita ya zamani imeshikwa na pete nene ya chuma, na pete yenyewe imezama kati ya stata na chasi, mahali ambapo hata mkono wa mtoto hauingii vizuri. Haina pembe za kushika spana. Ina mapengo manne tu, kama mdomo wa mzee. Inatakiwa spana ya boksi yenye meno manne, iume kwenye hayo mapengo na kuzungusha.

Nimepigia mafundi. Wote wanajibu kitu kimoja, injini hizi za zamani, kifaa chake hakipo tena madukani. Prokip alikuwa nacho, najua, alikuwa na kila kitu. Lakini alipougua tulipiga mnada vifaa vya gereji yake vyote, na msimamizi wa mnada nilikuwa mimi. Watu walisifu nilivyopaza sauti.

Novemba 22

Nimejaribu patasi na nyundo. Pengo moja limeliwa kidogo. Darcia akachungulia kutoka dirisha la jikoni akauliza inaendaje. Nikamwambia pete inafikiria.

Novemba 23

Mkono umevimba. Baridi tu.

Desemba 1

Nimeagiza kifaa kutoka duka la mji mkubwa, kwa simu. Walitaka kipimo. Nikachukua utepe wa cherehani wa dada, nikaingia chini, nikapima pete upana wake: sita. Nikawaambia sita. Yule binti wa dukani akasema, sita, mzee? Nikamwambia binti, mimi napima tangu enzi ambazo wewe ni wazo tu.

Desemba 12

Kifurushi kimefika. Ni spana ya boksi ukubwa wa sufuria ya supu. Kumbe utepe wa dada una inchi upande mmoja na sentimita upande mwingine; mimi nilisoma sentimita, wao wakaleta inchi. Ndiyo nchi yetu hii: mbao kwa inchi, barabara kwa kilomita, jiko kwa Farenhaiti na baridi kwa Selsiasi, halafu wanashangaa mtu akikosea. Nimelaumu posta.

Darcia amemwekea paka maji ndani yake.

Desemba 15

Leo tumekwenda kumwona Prokip, mimi na Darcia, maana dada ana kifua. Pikapu imewaka baada ya kulia sana. Haikuwa siku ya dirisha. Alikuwa amekaa kitini, blanketi magotini, anatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Darcia alipokwenda kuzungumza na muuguzi, nikaona nisikae kimya kama niko msibani. Nikamsimulia habari ya hita. Nikamwambia shemeji, mimi nimeshaigeuza ile pete ndani nje, bado kidogo tu, kinachokosekana ni kile kifaa chako chenye meno.

Hakunitazama. Akasema polepole, "Muulize Nastia. Kiko kwenye unga."

Nikauliza, unga gani, shemeji? Akasema tena, kwenye unga, kisha akaanza kuuliza kama farasi wamenyweshwa. Farasi wa mwisho pale nyumbani aliuzwa Prokip akiwa kijana.

Nilicheka njia nzima. Darcia akauliza ninacheka nini, nikasema nakumbuka mambo.

Desemba 16

Duka la ushirika, meza ya kahawa. Niliwasimulia wazee habari ya kifaa kilichomo kwenye unga. Nilimwigiza hadi sauti. Clarence, jirani yetu mwenye trekta la kusafisha theluji, alicheka akamwaga kahawa. Mmoja akasema basi breki zitakuwa kwenye sukari, mwingine akasema na filta ya mafuta imeingia kwenye kabichi za kopo. Tulicheka vizuri.

Dada sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba mumewe anatafuta spana kwenye unga? Angelia tu.

Desemba 24

Krismasi ya wengine. Yetu, kwa kalenda ya zamani ya kanisa letu, bado hadi Januari.

Desemba 30

Baridi imeacha utoto. Mwaka mmoja nikiwa kijana ilishuka hivi, kivuli changu kikagandia ukutani mwa zizi, nikakiacha huko hadi Aprili. Pikapu tunaifunika mablanketi mawili na kuiwekea karai la makaa chini ya tumbo. Inawaka mchana, saa za jua, basi. Darcia ananiuliza kila asubuhi bila kuuliza: anatazama pikapu, ananitazama mimi, anaingia ndani.

Januari 5

Kesho ni Mkesha wetu wa Krismasi. Dada amekanda na kukanda, meza ya kesho ni vyakula kumi na viwili visivyo na nyama wala maziwa, na nyumba nzima inanuka vitunguu na uyoga. Redio inasema usiku kutashuka hadi arobaini na tatu chini ya sifuri.

Darcia alisema tuiache pikapu inanguruma usiku kucha, isilale kabisa, maana baba yake zamani alipenda sana Mkesha na huenda ikawa siku ya dirisha. Nikakataa. Nilisema ni kuharibu injini. Ukweli ni kwamba sauti ya dizeli inasikika hadi kwa Clarence, na kila mtu angejua kwamba Tymko ameshindwa na hita. Nikamwambia, mwanangu, asubuhi nitaiamsha mwenyewe, wewe lala.

Januari 6

Simu ililia kabla hatujanywa chai. Darcia akapokea, akasimama wima, akaniangalia juu ya kichwa cha mama yake. Muuguzi alisema Prokip ameamka mapema, amenyoa ndevu mwenyewe, ameomba shati jeupe. Anauliza Nastia yuko wapi na kama nyota imeshaonekana, maana hatukai mezani mpaka nyota ya kwanza itoke. Amewaimbia wauguzi wimbo wa Krismasi mwanzo hadi mwisho.

Dada alivaa koti, akafunga kitambaa, akatia kutya kwenye chupa pana, ile ngano yetu ya asali na mbegu za mpopi, akaifunga kwa taulo isipoe. Kisha akaketi kwenye kiti kando ya mlango, chupa magotini, akangoja.

Nami nikatoka.

Sitaandika kila kitu. Ufunguo ulipogeuzwa, injini ilisema "gu" mara moja, basi, kama mtu aliyesukumwa usingizini. Niliweka makaa mapya. Niliingiza betri ndani, nikaiweka kando ya jiko, nikairudisha. Niliwasha bomba la gesi nikalipitisha chini ya tumbo la mafuta, nikaunguza waya wa stata, nikaufunga tena kwa vidole nisivyovihisi. Nililala chini nikaipiga ile pete kwa patasi, bure tu, kwa hasira, kana kwamba hita ingejifunga saa hiyo na kupasha moto saa hiyo. Pengo la pili likaliwa.

Kila nilipoingia ndani kupasha mikono, dada alikuwa palepale. Hakufungua hata kifungo kimoja cha koti. Jasho lilikuwa linamtoka kwa joto la jiko. Nilisema bado kidogo. Akasema, "Sawa, Tymko." Sikuweza kuitazama chupa ile.

Tulimpigia Clarence. Alikuwa kwenye barabara ya kaskazini akisafisha theluji, njia imefungwa na upepo, akasema akimaliza tu anakuja. Muuguzi alipiga tena. Darcia akamwomba ampe baba yake simu, dada azungumze naye. Muuguzi akasema alijaribu, lakini Prokip haitaki simu, anasema mke wake atakuja mwenyewe, kwa nini azungumze na waya. Amekaa dirishani na shati lake jeupe.

Nyota ilitoka. Niliiona mimi, maana nilikuwa nje. Sikumwambia mtu.

Darcia alipanga meza. Aliweka sahani ya ziada, ile tunayowawekea marehemu wetu usiku huu, kisha akaweka nyingine kando yake, kwa ajili ya baba. Dada alinyanyuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaiondoa ile ya pili na kuirudisha kabatini. "Baba yako si marehemu," akasema. "Baba yako ananingoja." Akarudi kitini kwake. Hatukula.

Clarence alifika giza limeshakolea, nyusi zake ni barafu tupu. Alitupeleka sote kwa gari lake. Njiani hakufanya mzaha hata mmoja, naye ni mtu wa mizaha.

Prokip alikuwa amelala. Amelala na shati. Muuguzi alisema alingoja hadi chakula cha jioni, kisha akaanza kuuliza kama farasi wamenyweshwa.

Januari 7

Tulilala mjini kwa binamu ya Clarence, dada akakataa kuondoka bila kumwona. Asubuhi Prokip aliamka mpole sana. Alikula kutya yote. Alimshukuru dada, akamwita mama, akasema yeye ni mwema, halafu akamwuliza kama amemwona mke wake, maana alisema atakuja.

Dada akamjibu, "Yuko njiani."

Januari 8

Nimeshinda kitandani.

Januari 19

Hakuna dirisha tena. Darcia anapiga simu kila asubuhi. Fundi wa gereji anasema Machi, kama alivyosema.

Januari 27

Sikwenda kwenye kahawa. Miguu.

Februari 10

Daktari amewaambia kwamba siku zile huenda zisirudi. Hakusema hazitarudi. Darcia amerudia maneno yake mara nyingi: huenda. Nilitaka kumsimulia habari ya trekta niliyoiwasha kwa kuikemea, nimchangamshe. Nikaacha.

Zamani nilidhani Darcia ananinunia. Sasa naona alikuwa akiniogopea, nisije nikaaibika. Hilo ni zito zaidi.

Februari 23

Wanawake wa kanisa wanapika pirohi za kuuza kabla ya Kwaresima, na fungu la dada ni kubwa. Nikasema nitasaidia kukunja. Alinitazama kama nimesema nitaruka, lakini akanipa aproni.

Alikuwa anasukuma chapati pana ya unga, kisha anachukua kikata chake, anakikandamiza, anakizungusha kidogo, anainua kiduara, anakandamiza tena. Ni kikata kama kikombe cha chuma, kizito, kimeng'aa kwa miaka ya siagi, na kitako chake kina tundu la mraba. Mimi najaza viazi, nakunja, nabana. Ule ukingo wenye alama nne. Nikaona nimtanie kama zamani, maana nyumba imekuwa kimya mno. Nikasema huyu panya wako mwenye meno manne bado hajafa?

Akacheka kidogo. Akasema Prokip alikichonga mwenyewe gerejini, mwaka wa kwanza wa ndoa yao akawa anakiacha hovyo jikoni, dada akakiomba, basi kikawa cha unga mwaka mzima, na Prokip alikuwa akikiazima wakati wa baridi na kukirudisha kimeoshwa.

Nikauliza alikuwa akikiazima kwa kazi gani.

"Sijui, za magari. Kulikuwa na pete fulani."

Nilinyoosha mkono. Alinipa. Nikakigeuza. Meno manne, mafupi, yamejaa unga mkavu pembeni. Tundu la mraba la kuingizia mpini. Nilikiweka mezani mahali palipokuwa na unga mwingi, nikakiona kilivyokaa pale, na nikasikia sauti ya Prokip wazi kabisa, bila kuigiza.

Ningeweza kunyamaza. Naandika hili kwa sababu nilifikiria kunyamaza. Ningesema nimekigundua mimi, kwa jicho langu la ufundi, na wangenisifu, na meza ya kahawa ingesikia.

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba Prokip aliniambia. Alisema muulize Nastia, kiko kwenye unga.

Dada aliweka chini kipande cha unga. "Alisema lini?"

"Kabla ya Krismasi. Ile siku una kifua."

"Alisema jina langu?"

"Alilisema."

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi. Alifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja kisha upande wa pili, taratibu. Akasema, "Kwa hiyo siku ile pia lilikuwa dirisha. Dogo. Na wewe ulikuwa umekaa mbele yake." Baadaye kidogo akauliza kama nilimjibu vizuri. Nikasema nilicheka, lakini baadaye, njiani. Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea mzigo alioujua uzito wake.

Kisha akachukua kikata, akakiosha kwa maji ya moto, akakikausha, akavaa koti. "Twende," akasema.

Darcia alikwangua theluji. Kulikuwa na jua, baridi ya wastani. Dada, na umri wake, alilala juu ya gunia chini ya pikapu, akasema aliwahi kumwona Prokip akifanya, si kazi ngumu, ngumu ni kuona. Maji ya rejeta tuliyamwaga kwanza. Kikata kiliingia kati ya stata na chasi kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Kiliuma hata yale mapengo mawili niliyoyala kwa patasi. Akazungusha, polepole, mkono uleule wa pirohi, na pete ikatoka. Hita mpya, ambayo imekaa kwenye boksi lake tangu Novemba, ikaingia. Akazungusha tena, na maji ya rejeta tukayarudisha.

"Inua taa kidogo," aliniambia. "Kushoto. Hapo. Prokip alisema wewe una mkono mzuri wa taa."

Darcia aliuchomeka waya jioni. Baada ya muda tulisikia ule mlio mdogo, kama chai inayoanza kufikiria kuchemka. Dada alisimama pale akiusikiliza, kiganja chake juu ya boneti. Kesho wanakwenda mjini, si kwa sababu yoyote, hakuna simu iliyopigwa. Wanakwenda tu.

Mimi nimerudi chumbani. Nimesoma nilichoandika Novemba, ukurasa wa kwanza, mpaka mwisho. Trekta ile ya Verenka ilikuwa na mafuta machafu tu, mwenyewe alishabadilisha filta kabla sijafika. Na hita, zote zile za miaka yote, alifunga Prokip.

Mimi nilikuwa nashika taa.